Kalamu ya Sabina

Mzee Malimi aliandika vibao maisha yake yote. Ukitoka Igoma kwenda Kisesa, ukaangalia huku na huku, maduka ya dawa za mifugo, saluni, mabucha na mashine za kukoboa mpunga, maandishi mengi yalikuwa ya mkono wake. Herufi zake zilikuwa na kivuli chekundu upande wa chini, na S yake ilikuwa na kitambi kidogo, kwa hiyo watu waliitambua hata bila yeye kuweka jina. Shule alisoma ya watu wazima, na yaliyobaki alijifunza kwa kunakili. Mteja alileta karatasi, yeye akahamishia kwenye bati, akalipwa, wakaagana.

Binti yake Sabina alipoacha kupika kwenye kantini za watu na kuanzisha biashara yake mwenyewe ya kupikia sherehe, mzee hakungoja kuletewa karatasi. Hiyo ilikuwa zawadi. Alinunua bati jipya, akalipaka rangi nyeupe mara mbili, akaandika kutoka kichwani mwake: KALAMU YA SABINA. Chini yake, kwa herufi ndogo zaidi: CHAKULA CHA HARUSI, SENDOFU NA MISIBA.

Alikusudia kuandika karamu. Mdomo wa Kisukuma unaweza mambo mengi, lakini l na r kwake ni mtu mmoja mwenye majina mawili. Harusi aliipata sawasawa kwa sababu alikuwa amenakili kadi za harusi zisizo na idadi. Karamu hakuna mteja aliyewahi kumletea.

Sabina aliiona herufi hiyo papo hapo. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, na hata kama ulimi wake mwenyewe uliteleza akiwa na hasira, jicho lake halikuteleza. Lakini baba yake alikuwa amesimama kando ya bati, brashi mkononi, anasubiri. Rangi ilikuwa bado mbichi, na kitambaa kidogo chenye mafuta ya taa kingetosha kuifuta ile herufi moja. Sabina akasema, "Imependeza sana, baba." Mzee akacheka kwa furaha, wakakibeba kibao wote wawili hadi jikoni kwake Pasiansi.

Kwa miezi kadhaa hakuna aliyesema lolote. Watu wanasoma vibao kwa tumbo, si kwa macho, na wali wa Sabina ulikuwa unajulikana. Kisha akaja Maige.

Maige alikuwa mshereheshaji, MC kama wanavyoitwa, na katika mji wote hakukuwa na kamati ya harusi iliyojiona imekamilika bila yeye. Suti ya rangi ya maziwa, viatu vyenye ncha, Kiswahili kilichonyooka. Alikuwa amekaa Dar es Salaam miaka sita, akarudi akiwaambia watu kwamba amekulia huko, mtaa wa watu wakubwa. Kila baada ya sherehe alirusha video fupi kwenye simu, na watu wa Mwanza walizingojea.

Siku hiyo ilikuwa harusi ya mchana, kwenye ukumbi mmoja wa Pasiansi unaotazama ziwa. Sabina alikuwa amepika kwa ajili ya watu mia tatu. Kibao kilikuwa kimening'inizwa juu ya meza ya chakula, na Mzee Malimi alikuwa amekuja na koti lake la kanisani kukiona kikiwa kazini. Alisimama karibu na mlango, kofia mkononi, hataki kumsumbua mtu.

Maige alipomaliza kutambulisha wakwe, akatembea hadi kwenye meza ya chakula, akakitazama kibao, akanyamaza kidogo. Alijua kunyamaza, huyo mtu. Kisha akasema kwenye kipaza sauti, "Ndugu wageni waalikwa, mimi nimeambiwa nitakula pilau. Kumbe leo tunakula kalamu."

Ukumbi ukacheka. Maige akaona kuna mali, akachimba. Akamuuliza bibi harusi anapenda kalamu ya wino wa buluu au mwekundu. Akamuuliza bwana harusi kama kalamu yake inaandika. Hapo hata mashangazi waliokuwa wamenuna tangu asubuhi waliinama wakashika mbavu. Akaomba kibao kishushwe, akakiinua juu na kukizungusha, watu wote waone. "Aliyeandika hiki," akasema, "alifundishwa na mbuzi."

Na Mzee Malimi akacheka. Hilo ndilo Sabina hakuweza kulisahau. Alikuwa amesimama nyuma ya sufuria, upawa mkononi, akamwona baba yake anacheka na watu, meno nje, kwa sababu alifikiri wanafurahia kibao chake. Kisha akamwona anainama kumuuliza kijana wa jirani kitu, na kijana akamjibu sikioni. Mzee akavaa kofia yake, ndani ya nyumba, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akatoka nje.

Jioni Sabina alimkuta nyumbani kwake Buswelu, amekaa kwenye kiti cha kamba. Mzee aliuliza jambo moja. "Wewe umesoma, Sabina. Hukuiona ile helufi?"

"Sikuiona, baba," Sabina akasema.

Mzee akatikisa kichwa taratibu. Kuanzia wiki hiyo hakuandika tena kibao. Brashi zake, ambazo kwa miaka arobaini zililala kwenye kopo la mafuta ya taa zisikauke, aliziacha juani mpaka zikawa ngumu. Video ilikuwa imeshazunguka magrupu yote, na watoto wakimwona barabarani walimwita Mzee Kalamu. Kamati tatu zilimpigia Sabina simu kumwambia kwa adabu kwamba zimepata mtu mwingine. Mpigaji wa tatu hata hakuwa na adabu, alicheka kwanza.

Sabina alimchukia Maige chuki ya kulala nayo na kuamka nayo. Mwanzoni ilikuwa chuki ya kijinga. Alijiona anamwagia mchuzi wa moto kwenye ile suti. Alijiona anatia pilipili ya kukaanga kwenye sahani yake ya meza kuu, yeye akiwa amesimama pembeni anamwangalia anavyokauka koo mbele ya kipaza sauti. Lakini alikuwa mpishi, na mpishi anajua sahani iliyotiwa sumu ya hasira inarudi kwa jina la aliyepika. Akakaa akatafakari anataka nini hasa, na alipolijua lilikuwa jambo dogo tu: mdomo ule ule usome kibao kile kile, mbele ya mzee, na asicheke mtu. Hakutaka fidia wala pole. Alitaka hilo, na aliapa hatamwachia Maige mpaka alipate.

Ofisi ya kata ilikuwa imempeleka kwenye semina ya ujasiriamali. Walikaa siku mbili kwenye viti vya plastiki, wakaambiwa wawe na maono, wakapewa cheti na soda. Sabina alisinzia siku zote mbili. Alichohitaji alikipata Bujora, siku ya ngoma, mwezi wa sita.

Alikuwa amempeleka baba yake ili achangamke. Mzee katika ujana wake alikuwa mchezaji wa Bagalu, mojawapo ya makundi makubwa ya ngoma, na mtu asiyezijua ngoma za Wasukuma inafaa aambiwe kwamba pale makundi mawili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, ngoma kwa ngoma, na jaji hayupo. Watazamaji wako huru. Wakiona huku kumenoga wanakimbilia huku, wakisikia kule kumelipuka wanakimbilia kule, na kundi litakalobaki na watu wengi ndilo lililoshinda. Aliyebaki anacheza na vumbi lake anajua mwenyewe.

Siku hiyo kundi moja lilikuwa na kiongozi mwenye mguu mmoja mfupi. Wapinzani wao walikuwa wamemtungia wimbo, wimbo mtamu kweli, wa kumcheka jinsi anavyochechemea, na watu wote walikuwa wamekimbilia huko wakicheka. Kiongozi yule alisimama akasikiliza mpaka akaushika wimbo wote. Kisha akawageukia watu wake, akauanzisha yeye mwenyewe, kwa sauti kubwa zaidi, na kundi zima, watu thelathini, wakaanza kuchechemea pamoja naye kwa hatua moja. Uwanja uligeuka. Watu walikuja mbio wakikanyagana. Wale waliotunga wimbo walibaki wameshika ngoma zao hawana cha kuimba.

"Umeona?" Mzee Malimi akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi. "Wamewapokonya wimbo wao."

Kesho yake Sabina alikitoa kibao nyuma ya kabati alikokificha, akakifuta vumbi, akakitundika mlangoni mwa jiko lake kikiangalia barabara. Baba yake alipopita akakiona, alisimama. "Kitoe," akasema.

"Sitoi, baba."

"Unanitia aibu mala mbili."

"Nivumilie kidogo," akasema Sabina, na mzee akaondoka bila kuaga.

Akaenda mjini kwenye maduka ya jumla akanunua kalamu za wino, katoni nzima, akazichapisha: KALAMU YA SABINA, na namba ya simu. Kwenye sherehe ya kwanza aliyopata, ubatizo mdogo tu wa watu hamsini, alifunga kalamu moja kwenye kila kitambaa cha mezani, ya buluu kwa wanaume na nyekundu kwa wanawake. Watu waliziona wakacheka. Walikuwa wameiona ile video. Lakini safari hii walicheka na kibao, hawakukicheka, na wakaondoka na kalamu mifukoni.

Sasa kalamu ni kitu cha ajabu, haikai kwa mtu mmoja. Iliazimwa benki ikasahaulika huko. Ilifika kwenye meza za walimu, kwa makarani wa mwalo wa samaki, kwa wahudumu wa zahanati, kwa katibu wa kwaya. Mtu mwenye msiba au mwenye ndoa anapoketi kuandika orodha ya michango, anaandika kwa kutumia nini? Namba ya Sabina ilikuwa tayari mkononi mwake. Kabla ya mwaka kuisha alikuwa na sufuria kubwa mara mbili ya zile za mwanzo, na wanawake saba wa kumsaidia.

Mtu mwingine angetosheka hapo. Dada zake walimwambia ashukuru Mungu, aachane na Maige. Sabina alishukuru Mungu, lakini hakuachana na Maige. Mzee bado alikuwa hashiki brashi. Kila akienda Buswelu aliziona zile brashi ngumu dirishani, na chuki ilisimama tena wima.

Akaanza kumsoma adui yake. Alizitazama video za Maige moja baada ya nyingine akiwa anachambua mchele, akazirudia, mpaka akajua anavuta pumzi wapi. Aligundua mambo. Maige hakuwahi kumtania mtu mwenye uwezo wa kumjibu. Jina alilotaka likumbukwe alilitaja mara tatu, na kalamu, Sabina alihesabu, alikuwa ameitaja mara kumi na moja. Hakuna mtu aliyewahi kumtangazia biashara kiasi hicho, tena bure. Na jambo la tatu alilikumbuka kutoka kwenye vibanda vya video: watu hawaendi kuangalia zile filamu za kigeni kwa sababu ya picha, wanaenda kumsikiliza yule anayezisimulia kwa Kiswahili. Sauti ndiyo inayoita. Sabina akajiuliza, sauti yangu iko wapi?

Jibu alilipata kwa kuuliza watu, tena aliuliza kwa makusudi, tusimsingizie wema. Aliuliza Maige kwao ni wapi, na hakuuliza Dar es Salaam. Aliuliza huku huku kwa Wasukuma, maana jina lenyewe ni la huku, mpaka Kisesa, sokoni, wakamwonyesha mama yake kwa kidole.

Mama Maige alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko, anauza michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vibichi, na matobolwa, yaani vile vilivyochemshwa kisha vikaanikwa mpaka vikawa vigumu na vitamu kuliko pipi. Sabina alinunua gunia zima siku ya kwanza. Wiki iliyofuata akanunua mengine. Aliyaloweka, akayapika na karanga, akaanza kuyapakua kwenye sherehe kabla ya pilau, na wazee walipoyaona walisahau nyama. Baada ya miezi mitatu akamwambia Mama Maige, "Shikamoo, mama. Ningependa watu wakuone. Wanaulizia matobolwa haya yanatoka kwa nani."

"Malahaba, binti. Wanione mimi? Na sula hii?"

"Sura hiyo hiyo."

Mama Maige aliomba siku moja ya kusuka nywele na kupiga pasi kitenge. Kesho yake alisimama mbele ya meza yake, mikono kiunoni, na Sabina akashika simu. Hakumfundisha la kusema.

"Mimi naitwa Mama Maige wa Kisesa," mama akasema kwa sauti yake nene. "Kalibuni kwenye Kalamu ya Sabina. Wali ni wake, matobolwa ni yangu. Mtakula mpaka msahau kulipa nauli. Mwanangu Maige, yule mnayemwona kwenye halusi zenu na suti, nimemlea kwa matobolwa haya haya. Kalibuni sana."

Sabina alimshukuru, akamwachia oda ya magunia manne. Kisha akaketi kwenye jiwe pembeni ya barabara na simu mkononi. Alijua anachokifanya. Hakuna hata neno moja la uongo ndani ya video ile, wala la matusi, na bado alikuwa ameshika kisu. Akairusha.

Haikuchukua hata siku mbili. Watu waliipenda kwanza kwa ajili ya mama, walimwombea maisha marefu, wakaulizia bei ya matobolwa. Kisha mtu mmoja akauliza, huyu si mama yake MC Maige? Si alisema kwao ni Dar? Jumamosi ile, Maige aliposhika kipaza sauti kwenye ukumbi wa Nyakato, kabla hajafungua mdomo, meza ya nyuma ikamwitikia kwa pamoja, "Kalibuni." Akacheka nao. Jumapili wakamfanyia tena, sehemu nyingine, watu wengine. Safari hii hakucheka.

Alikuja Pasiansi Jumatatu asubuhi, bila suti. Sabina alikuwa anaparua sato. Akamwonyesha kwa kisu stuli ya kukalia, naye hakuacha kazi.

"Dada Sabina, futa ile video," Maige akasema. "Unamdhalilisha mama yangu."

"Nani anamcheka mama yako? Umesoma wanayoandika? Wanamwita mama yao. Anauza kuliko alivyowahi kuuza. Katika Mwanza nzima anayemwonea aibu ni mmoja tu, na amekaa kwenye stuli yangu."

Maige akainamisha kichwa. Magamba yalikuwa yamemrukia kwenye suruali na hakuyafuta. "Kama ni ule mchezo wa kibao," akasema, "ulikuwa utani tu."

"Utani wa kabila gani? Wewe Msukuma, mimi Msukuma. Mtani wangu umekuwa kwa upande upi?"

Maige akasema atamtangaza bure mwaka mzima. Sabina akakataa. Akasema atampa kamati zote anazozijua. Sabina akamwambia kamati anazo. Ladha ya maneno yale mdomoni mwake ilikuwa tamu, na hakuharakisha. Alimaliza samaki aliyekuwa naye, akanawa mikono, akajifuta, ndipo akasema masharti yake.

"Jumapili ijayo kuna kipaimara Buswelu, watoto wa Gladness, yule mwenye duka. Wewe ndiye MC, mimi ndiye mpishi. Baba yangu atakuwepo, na mama yako nitamleta mimi mwenyewe. Kabla watu hawajala utasimama chini ya kibao, utakisoma. Vile kilivyoandikwa. Mara tatu, kama unavyofanya. Na utataja jina la aliyekiandika. Akicheka mtu mmoja, video inabaki."

"Na wakicheka, hilo nalo ni kosa langu?"

"Wewe ndiye uliyewafundisha kucheka. Wafundishe kunyamaza."

Jumapili ilifika. Turubai lilikuwa limefungwa uwanjani kwa Gladness, viti vimefunikwa vitambaa vyeupe, na kibao cha Mzee Malimi kilikuwa juu ya meza ya chakula, kimesuguliwa mpaka kinang'aa. Mzee hakutaka kuja. Alikuja kwa sababu Gladness mwenyewe, ambaye aliwahi kuandikiwa kibao cha duka na mzee, alimfuata nyumbani. Wakamkalisha mbele, kando ya Mama Maige. Wazee hao wawili walisalimiana kwa Kisukuma, wakauliziana za kwao, wakagundua kwamba wanafahamu watu wale wale wa Magu. Mzee hakukitazama kibao hata mara moja.

Sabina alisimama nyuma ya sufuria, upawa mkononi, mahali pale pale pa siku ile.

Maige alitembea hadi kwenye meza. Watu walimwona anakitazama kibao, wakaanza kutabasamu, wakajiweka sawa kwenye viti. Waliijua hiyo. Akanyamaza, akangoja, na aliponyamaza muda mrefu kuliko walivyozoea, tabasamu zikaanza kushuka.

"Ndugu zangu," akasema, "kibao hiki niliwahi kukicheka. Leo nataka nikisome." Akakiinulia macho. "Karamu ya Sabina."

Ulimi ule uliofundishwa Dar es Salaam ulikuwa umekirekebisha wenyewe. Sabina akagonga sufuria kwa upawa, mara moja. "Soma kilichoandikwa," akasema.

Watu wote waligeuka. Maige alimtazama Sabina, kisha akamtazama mama yake, na alipofungua mdomo tena sauti haikuwa ile ya ukumbini. Ilikuwa nzito, ya nyumbani, ya Kisesa.

"Kalamu ya Sabina," akasema. "Chakula cha halusi, sendofu na misiba. Kimeandikwa kwa mkono wa Mzee Malimi." Akasoma mara ya pili. Mara ya tatu jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso, na chini ya turubai ulikuwa unasikia moto wa kuni tu. Hakucheka mtu.

"Umesoma vizuli, mwanangu," Mama Maige akasema kwa sauti, na hapo watu wakapiga makofi, si ya sherehe, ya heshima. Maige akaweka kipaza sauti mezani, akaenda akapiga goti mbele ya mzee, akamwamkia. Mzee akaitikia.

Sabina alipakua sahani ya kwanza. Furaha ilimjaa mpaka kooni. Alikuwa ameingoja siku hii mwaka na miezi, alikuwa ameipika kwa moto mdogo, na sasa ilikuwa imeiva kama alivyotaka. Akatia matobolwa, wali, sato, akambebea baba yake yeye mwenyewe. Akapiga magoti, akamwekea mapajani.

"Umesikia, baba?"

"Nimesikia," mzee akasema. Alikuwa anakitazama kibao, kwa mara ya kwanza. Akakitazama kwa jicho la fundi, kuanzia herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, na kurudi. "Kijana ameomba ladhi. Yamekwisha na yeye." Akachukua tobolwa moja, akalitafuna taratibu, akameza. "Wewe uliiona siku ile ile. Eti, Sabina? Langi ikiwa mbichi."

Kelele za sahani zilikuwa zimeanza. Sabina alikuwa bado amepiga magoti. Angeweza kusema hapana, kama alivyosema siku ile.

"Niliiona, baba."

"Ukaniacha nikakitundika."

"Nilikuheshimu. Niliona nitakuaibisha."

Mzee hakupandisha sauti. "Maige alinicheka siku moja," akasema. "Wewe ulinipitia kila siku, mwaka mzima, unaiona." Akaendelea kula, na Sabina akabaki pale chini, kichwa ameinamisha, mpaka mmoja wa wasaidizi wake akaja kumwita kwa sababu mstari wa chakula ulikuwa umesimama. Alinyanyuka akaenda kupakua. Watu walimsifia chakula, naye aliwaitikia bila kuwasikia.

Ile video haikufutwa. Sabina alitaka kutimiza ahadi, lakini Mama Maige alimzuia, akauliza sura yake imemkosea nini mtu, na Maige mwenyewe akasema ibaki.

Baada ya wiki mbili Mzee Malimi alishuka Pasiansi kwa miguu yake. Chini ya kwapa alikuwa na bati jipya, limeshapakwa nyeupe, na kwenye mfuko wa plastiki brashi mbili mpya na kopo. Sabina alimwamkia, akamletea kiti, akaogopa kuuliza. Mzee hakukaa. Aliegemeza bati ukutani, akapiga mistari kwa penseli na rula, akachovya brashi.

"Utaandika nini, baba?"

"Kalamu," akasema mzee. "Watu wameshaizoea, na biashala ni yao. Ila safali hii naandika nikijua." Akaandika K, akaishushia kivuli chake chekundu, akarudi nyuma hatua moja kuiangalia. Kisha akamkabidhi binti yake kitambaa kilicholowa mafuta ya taa.

"Shika hiki," akasema. "Simama hapa kalibu yangu. Kila helufi nikimaliza, unisomee."